Mdomo wa mzee, sauti ya nani?

Beni. Ninyi ndugu zetu muliokimbia vijiji na leo munaishi ndani ya nyumba za watu huku Beni, Oicha, Butembo na Bunia: leo sileti habari ya masasi wala ya barabara. Ninataka kusema juu ya muziki wa nyumbani, ule tunaoimba mbele ya mlango na ndani ya lupango, na namna vijana wetu wanautengenezea video. Kuna watu watakasirika. Wakasirike, lakini wasome mpaka mwisho.

Nianze na mzee mmoja. Alikimbia kutoka kijiji cha upande wa Irumu, akafika huku mjini na shuka moja, sufuria moja na likembe. Mpwa wake akampokea. Kila jioni, kiisha kula, mzee aliketi mbele ya mlango, akaweka likembe juu ya magoti na kuimba. Watoto wa lupango walikaa chini kumzunguka. Aliimba majina ya vilima na mito ya kwao, nani alimzaa nani, na aliwaimba pia wale waliobaki njiani.

Siku moja vijana wa kazi ya video wakapita, wakasikia, wakaingia. Walisalimia vizuri, walileta sabuni na kilo mbili za mchele. Wakamwambia: "Tate, tutakutolea klipu, dunia yote ikuone." Mzee akafurahi. Akavaa shati safi, akaimba nyimbo mbili. Telefone moja ikachukua yote, picha na sauti, kutoka karibu na kizingiti, mita nne ao tano mbele yake.

Kufika studio, likembe haikusikika. Moto za taksi zilipita, mtoto alilia, kuku nao hawakunyamaza. Mtu wa studio akasema: "Hii sauti iko mbovu, tupa." Wakatafuta likembe ya sinteseza, wakaongeza ngoma ya kompyuta, wakamwita kijana mwenye koo nzuri, akaimba maneno ya mzee. Kiisha wakaibandika ile sauti juu ya mdomo wa mzee. Klipu ikatoka. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Watu walitumiana sana.

Ikafika mpaka Nakivale, kule Uganda, kwenye makao ya wakimbizi. Binti wa mzee yuko huko. Waliachana njiani siku ya kukimbia, na kwa muda mrefu hakuwa na namba ya kumpata. Jirani akamwonyesha klipu. Binti akatafuta namba ya watu wa Beni, na kiisha siku kadhaa ujumbe wake wa sauti ukafika kwa mpwa, na mpwa akaniletea mimi juu ananijua ni mtu wa redio. Alisema hivi: "Iko kinywa ya papa, iko vidole ya papa, lakini ile sauti haiko ya papa. Papa angali mzima? Ao muliweka picha ya zamani?"

Munasikia ulizo hilo? Mtoto ameona baba yake anaimba, na badala ya kufurahi ameanza kuogopa kwamba baba amekufa. Juu ya nini? Juu macho yalimwambia "ni yeye" na masikio yakamwambia "si yeye". Na kwa mtu uliyelelewa naye, masikio ndiyo tunayaamini zaidi.

Nilienda kwa vijana kuwaomba sauti ya kwanza, ile mbovu, yenye kuku na moto ndani yake. Wakaniambia: "Tulishafuta. Kadi ilijaa." Tukapanga kurudi kwa mzee kumrekodi tena. Mvua zikaanza, mimi nikatumwa pengine, mzee akashikwa na homa. Tulimzika kabla ya wiki ile tuliyopanga. Leo tuna mdomo wake na vidole vyake. Sauti yake hatuna.

Mimi pia nina deni. Kwa miaka miwili nilipita mbele ya lupango ile nikiwa na rekoda ndani ya mfuko, nikikimbilia sauti za wakubwa wa serikali na wa mashirika. Sikusimama hata jioni moja. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ninajisemea mimi wa kwanza.

Haki ya vijana, na mahali inapoishia

Tuwape vijana haki yao. Waliposema sauti ya telefone ilikuwa mbovu, walisema kweli. Kamera inataka kukaa mbali kidogo ili ione mtu mzima na mlango nyuma yake. Mikro inataka kukaa karibu. Telefone moja haiwezi kuwa mbali na karibu kwa wakati mmoja. Ukiirudisha nyuma, sauti ya likembe inayofika inapungua sana, lakini kelele ya barabara inabaki ileile. Tena telefone ina tabia ya kujipandishia na kujishushia sauti yenyewe: mzee akinyamaza kuvuta pumzi, yenyewe inatafuta kelele nyingine na kuipandisha, ndiyo sababu kuku anasikika kama anaimba solo.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuchukua sauti mbali na video ni uongo. Hapana. Kuchukua sauti kwa chombo chake na picha kwa chombo chake, kiisha kuviunganisha, ni kazi safi. Sinema zinafanya hivyo tangu zamani. Ninachokataa ni kitu kimoja: kuondoa sauti ya mtu na kuweka ya mwingine, kiisha kuwaambia watu "huyu ndiye anaimba". Kuunganisha ni kumsaidia mzee asikike. Kubadilisha ni kumnyamazisha na kuendelea kutumia uso wake.

Vijana watasema: "Hatukuwa na namna nyingine." Hapo ndipo haki yao inaishia. Namna ilikuwepo, na haikuhitaji studio wala dola mia.

Vyombo viwili, makofi mara moja

Nitaeleza kwa wale wote wenye telefone, juu sitaki mtu aseme kesho kwamba hakujua.

Chukua telefone mbili. Moja ni ya picha, ya pili ni ya sauti. Ya pili inaweza kuwa ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, ilimradi mikro yake inasikia. Zote mbili uziweke katika hali ya ndege, ili mtu asipige simu katikati ya wimbo. Telefone ya sauti uilaze karibu na mwimbaji, shibri mbili kutoka likembe ao gitaa, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtetemo wa meza. Isiwe ndani ya picha kama hutaki ionekane, lakini mimi sioni haya ionekane.

Anzisha zote mbili. Mtu mmoja asimame mbele ya kamera na kupiga makofi mara moja, kwa nguvu. Hayo makofi ndiyo msumari wa kazi yote. Kwenye video utaona mikono inakutana. Kwenye sauti utaona mlima mmoja mwembamba umesimama peke yake. Wakati wa montaji unaweka mlima ule juu ya picha ile ambapo mikono inagusana, na wimbo wote unakaa mahali pake. Mwisho wa wimbo piga tena makofi, ili uhakikishe kwamba hakuna kilichotelea.

Kwa nini kitelee? Juu kila chombo kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Kwa wimbo wa dakika tano hutaona tofauti. Kwa ibada ya saa nzima unaweza kuona midomo imefunga na sauti ingali inatoka. Dawa yake ni rahisi: usirekodi saa nzima kwa mkupuo mmoja. Kila wimbo na makofi yake.

Kuna jambo lingine linalosumbua watu na hawajui linatoka wapi. Rekoda na programu nyingi zinauliza uchague hesabu ya sauti kwa sekunde. Chagua 48,000, juu video nyingi zinatumia hiyo. CD za muziki zinatumia 44,100. Programu nzuri inageuza yenyewe, lakini ikisoma vibaya, sauti ya mzee inapanda ao inashuka kidogo kuliko ilivyo kweli, na wimbo hauendi tena sawa na midomo. Ukiona hivyo, usilaumu mwimbaji.

Watu wanauliza: sauti ikikosea kidogo, nani atajua? Telefone nyingi zinachukua picha 30 kwa sekunde moja. Ukikosea kwa picha moja hakuna atakayeona. Ukikosea kwa picha tano, kila mtu ataona kwamba kidole cha likembe kimegusa na sauti haijatoka. Na angalieni jambo hili: sauti ikitangulia picha, tunakasirika haraka kuliko ikichelewa. Sababu tunaijua sisi watu wa milima. Ukimwona mtu ng'ambo ya bonde anapasua kuni, unaona shoka linaanguka kwanza, mlio unafika nyuma. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, mwangaza hauna mpinzani. Macho na masikio yetu yamezoea sauti kuja nyuma. Hayajazoea ije mbele.

Kiisha kuunganisha, shusha sauti ile ya telefone ya picha, lakini usiifute. Ihifadhi. Kama una kompyuta, Audacity ni programu ya bure ya kusafisha sauti. Kama una telefone tu, CapCut na programu za namna hiyo zinaweza kuweka sauti ya pili chini ya video. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokima, si kama video ya kawaida, la sivyo itabanwa na kupoteza uzuri wake.

Na kelele? Ngojeni moto zipungue, jioni ao asubuhi mapema. Mvua ikinyesha juu ya mabati ao bashi, acheni, ni vigumu programu kuiondoa bila kuharibu koo ya mtu. Ndani ya nyumba yenye mwangwi, tundikeni blanketi, simamisheni godoro ukutani, wekeni magunia ya maharagi pembeni. Hivyo vyote familia ya wakimbizi inaweza kuazima kwa jirani.

Ni hayo. Telefone mbili, makofi mawili, godoro moja. Sauti ya mzee ingekuwepo leo.

"Kadi ilijaa"

Neno hili limeniumiza kuliko mengine, kwa hiyo nilipige hesabu. Sauti safi isiyobanwa, ya mikro moja, kwa hesabu ile ya 48,000, inakula karibu mega 6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano ni mega 30. Kadi ya giga 32, ile inayouzwa kwenye meza za kando ya barabara, inabeba zaidi ya saa 80 za sauti ya namna hiyo. Video ndiyo inayojaza: dakika moja tu inaweza kupita mega 100.

Basi kadi ikijaa, vijana wangu, futeni picha za kurudia, futeni zile muliochukua mukijipiga wenyewe mbele ya gari la watu. Lakini sauti ya mtu ambaye kijiji chake kimechomwa musiifute. Hakuna mahali pengine alikoiandika.

"Lakini watu wanataka sauti ya studio"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara. Wananiambia watu wamezoea sauti iliyopigwa pasi, kwamba klipu yenye pumzi za mzee haitapata watazamaji.

Ninajibu hivi. Mwaka wa 1952, kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, Hugh Tracey alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa yake moja, akamrekodi. Hakukuwa na ngoma ya kompyuta. Ni mtu, gitaa, na nyimbo za Kiswahili chetu cha Kongo. Miaka zaidi ya 70 imepita na wapiga gitaa wa nchi za mbali wangali wanasikiliza vidole vile ili wajifunze. Na karibu zaidi na sisi, Staff Benda Bilili wa Kinshasa walirekodi albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 2009, wakiwa nje katika bustani ya wanyama ya mji. Iliwapeleka Ulaya. Nani alisema sauti ya nje haiuziki? Kinachokosekana kwetu ni mikro iliyokaa karibu na mtu mwenye subira.

Wengine wananiambia: "Na msanii anayerudi studio kuimba tena wimbo wake mwenyewe, naye ni mwongo?" Hapana. Kama ni koo yake, na yeye amekubali, na munaandika chini ya video kwamba sauti ni ya studio, hakuna shida. Hata mama akikosea ubeti mmoja, aurudie, muchukue ubeti mzuri. Sitafuti ugomvi na usafi. Ninauliza tu maulizo matatu: sauti hii ni ya huyu tunayemwona? Yeye anajua mulichofanya? Na sisi tunaosikiliza, mumetuambia? Mukijibu ndiyo mara tatu, ninawapigia makofi. Mukijibu hapana hata mara moja, ile si klipu ya mzee. Ni klipu yenu, na mzee mumemfanya kuwa kitambaa cha mapambo.

Tena kuna neno la feza. Kijana aliyekuja kuimba studio alilipwa. Mtu wa ngoma ya kompyuta alilipwa. Mwenye wimbo alipata sabuni na mchele. Na mwisho wa klipu majina yote yaliandikwa, hata la mtu aliyetoa moto ya kusafiria, isipokuwa jina la mzee. Waliandika "mzee mkimbizi". Mtu ana jina. Vita imemnyang'anya shamba, sasa na sisi tumnyang'anye jina na koo?

Kwaya iliyotawanyika

Nisimalize bila kuonyesha namna kazi hii inaweza kuponya.

Kuna kwaya nyingi ambazo vita imezivunja vipande. Soprano wako Beni, besi wako Bunia, mwalimu wa kwaya yuko Nyarugusu kule Tanzania, mpiga gitaa yuko Nakivale. Wanakaa wakikumbuka namna walivyoimba Pasaka. Hawa wanaweza kuimba tena pamoja, kila mtu akiwa mahali alipo.

Mwalimu anarekodi kwanza wimbo wote peke yake, akihesabu mbele kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, na makofi. Anatuma kwa kila mtu. Kila mwimbaji anasikiliza kwa sikio moja, kwa kisikilizio cha waya, na sikio la pili linabaki wazi ajisikie mwenyewe. Ninasema cha waya, juu vile visivyo na waya vinachelewesha sauti, na mtu ataimba nyuma ya wenzake bila kujua. Anapiga makofi pale mwalimu alipopiga, anaimba sehemu yake, anatuma sauti yake na, kama mega zinatosha, video yake. Yule mwenye kompyuta anapanga makofi yote kwenye mstari mmoja. Yakikaa, kwaya imerudi.

Hili si ndoto. Mwaka wa 2010 mwalimu wa kwaya wa Marekani, Eric Whitacre, aliunganisha waimbaji 185 kutoka nchi 12, kila mmoja amejirekodi kwake. Wale walikuwa na intaneti nzuri na vyumba vyenye kimya. Sisi tuna mega za kununua kwa mia tano mia tano. Lakini sauti peke yake ni nyepesi, na hata nyumba ya mbao inapata kimya saa kumi na moja ya asubuhi. Mwenye kukosa kutuma video atume sauti tu, na mahali pa uso wake muweke jina lake na jina la kijiji chake.

Angalieni tofauti. Hapa pia sauti na picha zimechukuliwa mbalimbali, siku mbalimbali, nchi mbalimbali. Lakini kila mdomo una sauti yake. Mama atakayesikiliza Oicha atamtambua mtoto wake wa Nyarugusu kati ya watu ishirini. Hiyo ndiyo kazi ya kuunganisha. Ile ya mzee ilikuwa kazi ya kutenganisha.

Masasi ya kubandika

Mtu ataniambia: "Mwandishi, watu wanakufa na wewe unalilia likembe." Nimelisikia neno hilo hata ndani ya redio yetu. Jibu langu ni kwamba ni uongo uleule.

Sisi wakaaji wa huku tunajua video za zamani zinazopewa sauti mpya. Barabara ya mwaka mwingine, na chini yake mlio wa masasi uliochukuliwa pengine. Ao umati unaotembea, na sauti ya mtu asiyeonekana anayesema kabila fulani limefanya hivi na vile. Katika dakika kumi watu wanafunga magodoro, wanafunzi wanatoka darasani, mama anakimbia akiacha moto chini ya sufuria. Mimi ninabaki na kazi ya kupiga simu huku na huku kuuliza: "Kuna kitu kweli?"

Anayebandika masasi juu ya barabara tulivu, na anayebandika koo ya kijana juu ya mdomo wa mzee, wanatumia kisu kimoja. Sisemi dhambi zao ni sawa. Ninasema mkono unazoezwa kwa vidogo. Na sisi watazamaji tunazoezwa pia: tukizoea kwamba mdomo na sauti havihitaji kuwa vya mtu mmoja, siku ya masasi ya uongo tutauliza nini?

Ninaomba nini

Ninyi vijana wa video: kabla ya kuanzisha kamera, muulize telefone ya pili iko wapi. Pigeni makofi. Hifadhini sauti ya kwanza, hata mbovu, na muiachie familia nakala. Andikeni jina la mwimbaji mbele ya majina yenu. Na mukibadilisha kitu, semeni.

Ninyi watu wa studio: mtu akiwaletea sauti yenye kuku, jaribuni kusafisha kabla ya kusema "tupa". Mukishindwa, mrudisheni kwa mwimbaji na mikro iliyo karibu. Lupango haiko mbali hivyo.

Ninyi wakubwa wa redio zetu, na mimi nikiwa ndani: tunakataa nyimbo za nyumbani tukisema hazina ubora, kiisha tunapiga mara kumi kwa siku wimbo uleule wa Kinshasa. Tutenge nusu saa kwa wiki kwa sauti za watu wetu, wenyeji na waliokimbia, na rekoda zetu zifanye kazi hiyo jioni zinapolala bure.

Na ninyi familia muliokimbia: musingoje vijana wa klipu. Leo jioni, laza telefone karibu na tate, karibu na mama mzee, mtoto apige makofi, na muwaache waimbe. Asemaye jina lake, jina la kijiji na tarehe mwanzoni amefanya vizuri zaidi. Tumeni nakala kwa ndugu wawili wanaokaa mbali, ili moto ao maji ao mwizi akichukua telefone moja, sauti ibaki.

Binti wa Nakivale aliniomba kitu kimoja ambacho sikuweza kumpa. Hakuomba klipu nyingine. Aliomba hata dakika moja, hata ile yenye kelele, hata baba akikohoa. Nilitafuta kwenye telefone ya mpwa, kwa majirani, kwa watoto wa lupango. Kwa mtoto mmoja nilipata sekunde kumi na moja: watoto wanacheza, mtu anacheka, na nyuma kabisa, mbali, likembe na mzee anaanza wimbo, kiisha telefone inazimika. Nilimtumia hivyo hivyo. Sikusafisha kitu.

Alinijibu: "Ndiyo yeye."

Ni mimi mwandishi wenu, kutoka Beni.